Firigisi ya Mama Agripina

Pale Utemini, mjini Singida, kuna maktaba ndogo, na ndani yake kuna mkutubi anaitwa Felista, mama yake Agripina. Kwa kusema "Kimya!" mama huyu hajambo. Akisema, utadhani hata feni inasita. Waliomjua alipokuwa na mume wanashangaa, maana siku zile aliyekuwa akinyamazishwa ni yeye.

Kazi yake ina kero, mtu asikudanganye. Wapo wastaafu wanaolowesha kidole kwa mate wakifunua gazeti, mpaka habari za michezo zinanata. Wapo vijana wanaokuja kuchaji simu, kisha wanajifunika kitabu usoni wapate usingizi. Yupo na bwana mmoja aliyeacha kuku mlangoni, amefungwa miguu, kwa sababu tangazo linasema mizigo yote iachwe mlangoni. Kuku akataga. Bwana alipotoka, akadai na yai lake.

Lakini kinachompandisha hasira kuliko vyote ni wanafunzi wanaoficha vitabu. Mtihani ukikaribia, mtu anachukua kitabu anakichomeka kwenye rafu isiyo yake, ili kesho akikute peke yake. Juzi alimnasa Evodia, msichana wa kidato cha sita.

"Evodia, hiki cha kemia kinatafuta nini kwenye mapishi?"

"Kimepotea njia, mama."

"Kina miguu? Mwanangu, huo ni wizi, tena wa mchana kweupe!"

Alifoka vile, kumbe na yeye alikuwa na chake mafichoni. Ni hadithi yenye jalada la njano, ya mwanamke aliyekimbiwa na mume kisha mume akataka kurudi. Angeweza kukiazima kama watu wengine, ila jina lake lingeandikwa kwenye kadi, na Raymond, mwenzake wa kazini, angemcheka mpaka mwezi uishe. Basi alikichomeka nyuma ya vitabu vya ufugaji wa nyuki, ambako hakuna aliyegusa tangu rafu ipakwe rangi. Mchana, watu wakienda kula, anakitoa, anatafuna mbegu za alizeti na kusoma taratibu. Alama yake ni unyoya wa kuku.

Wiki ile hakusoma kwa kujifurahisha tu. Sostenes, mume wake, aliyekwenda Chunya kutafuta dhahabu akapata mke mwingine, alikuwa amepiga simu. Hakuomba msamaha. Wa aina yake huwa hawaombi.

"Mama Agripina, Jumamosi narudi nyumbani. Uchinje kuku."

Felista alirudisha simu mfukoni. Alichowaza kwanza, msimcheke, ni firigisi. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, na miaka yote ya ndoa yeye aliiosha, akaipika, akaitenga kwenye sahani ya mwenzake. Sostenes alipoondoka, aliila mwenyewe kwa mara ya kwanza, amesimama jikoni, akaona kumbe ndiyo tamu hivi! Sasa alitaka kujua mwanamke wa kwenye kitabu alimfanyaje mume wake. Zilibaki kurasa chache.

Ijumaa asubuhi akaingia Mzee Hezekia, mfuga nyuki wa Rungwa, aliyekuja mjini kumtazama mwanawe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnavyo vitabu vya nyuki."

Kabla Felista hajanyanyuka, Evodia alishamwonyesha rafu. Mzee alivipita vyote vya mbele, vyembamba na vyenye vumbi, akapeleka mkono nyuma na kuchomoa chenye jalada la njano. Rangi ya asali, akaona ndicho chenyewe. Akaketi, akafungua penye unyoya, akaanza kusoma kwa sauti, maana ndivyo alivyozoea kusoma.

Felista alifungua mdomo aseme "Kimya!" Akaufunga, akasogeza kiti karibu. Mume wa kwenye kitabu alikuwa anabisha hodi.

Mzee alisoma kwa kukokota, kidole kikifuata kila neno. Wastaafu wakashusha magazeti. Aliyelala akaondoa kitabu usoni. Mwanamke akafungua mlango, akalia, akamkaribisha mume, akamchinjia kuku, akamtengea firigisi kwa mikono miwili.

"Amempa firigisi?" Felista akapayuka. "Mjinga gani huyu! Wiki nzima namngoja, anakuja kunifanyia hivi?"

"Kimya, mama," alisema Evodia kwa upole. "Watu wanasoma."

Maktaba nzima ikaangua kicheko. Mzee Hezekia alifunua kurasa mbele na nyuma, amekunja uso.

"Mwanangu, nimesoma mpaka mwisho. Nyuki wako wapi humu?"

"Kitabu kimepotea njia, babu," Evodia akasema, akimkazia macho mama mkutubi. "Siku hizi vina miguu."

Felista alikichukua, akakirudisha mwenyewe kwenye rafu ya hadithi, mbele ya macho ya wote. Kisha akamtafutia mzee kitabu chenye nyuki. Tangu siku ile hajamfokea Evodia kwa sauti kubwa.

Jumamosi Sostenes alifika, begi begani, akaketi kwenye kiti chake cha zamani kama mtu aliyetoka sokoni tu. Felista alimnawisha mikono, maana mgeni ni mgeni, akamtengea ugali na kuku. Sostenes akapekua bakuli kwa kijiko. Akapekua tena.

"Mama Agripina, firigisi iko wapi?"

"Imeliwa."

"Imeliwa na nani? Si ni ya mwenye nyumba?"

"Ndiyo. Na mwenye nyumba ameshaila," alisema Felista, akimsogezea chumvi. "Kula shingo, baba Agripina, haijapoa. Basi la Chunya ukiliwahi asubuhi, utapata kiti cha dirishani."