Siku Programu Yangu Ilipeleka Kamyo Mu Maji

Mucheke tu, nimeisha kuzoea. Hapa Nchelenge hata bamama ba soko bakiniona banauliza, "Enjenia, leo njia iko wapi?" na mi nageuza uso, maana haya ya ile siku haijaniisha.

Bon, mama yangu alivuka ziwa kutoka Pweto, upande wa Kongo, akakuja Chienge kuniona, siku moja tu, bato, ile mashua ya kumurudisha, ilikuwa ya saa tisa. Miaka kumi na ine hatujaonana (vita ilitutenganisha nikiwa katoto, na simu tunayosemea ni ya jirani yake, ile ndogo isiyo na picha). Kutoka hapa Nchelenge nikapata nafasi mu kamyo, lori ya dereva Ba Mulenga, pamoja na bamama bauza samaki, na hiki kichwa changu kikasema, panga njia na ordinateri, kompyuta yako!

Nilikuwa nimeandika programu ya kutafuta njia fupi: ku kila njia panda inakisia kilichobaki kwa mustari munyoofu paka kule unaenda, kisha inajaribu kwanza ile inayoonekana karibu. Ramani nilichora mwenyewe, nikizunguka pembeni ya ziwa na simu yenye kufuata safari yangu. Ikatoa njia ya muchanga, fupi kuliko barabara ya juu.

"Mwana, huko kamyo haipitaka," Ba Mulenga akasema.

"Papa, ordinateri haidanganyaka," nikamujibu (mudomo huu!), tena kwa sauti, bamama basikie.

Tukaenda, muchanga, matete, tena muchanga, paka mutoni. Mbele maji tu, hakuna kilalo cha kuvukia. Mama wee! Ndipo nikakumbuka, siku ya kuchora hapa nilivuka mu pirogi, mutumbwi wa bavuvi, simu mufukoni, nayo ikaandika maji kama barabara. Kugeuza kamyo, ikazama mu matope. Bamama bakashuka kusukuma, bakicheka paka kushika mbavu, mumoja akaniuliza kama ordinateri nayo itashuka kusukuma. Mi nilisukuma na machozi, nikiangalia saa.

Tulifika Chienge saa kumi na moja. Muuza maandazi wa pale kivukoni akaniangalia sana.

"Mama yako alikaa hapa tangu asubui, paka bato ikamubeba. Kila kijana aliyepita alimusimamisha, 'Ni wewe, mutoto wangu?' Alisema hajui sura yako ya sasa."

Nilikaa chini nikalia mbele ya batu bote. Nilimutamani, jamani, hata anitukane tu, nisikie sauti yake karibu.

Ku simu ya jirani anasema atavuka tena, miguu yake inayomuuma ikipona. Naapa, siku hiyo programu itabaki ku nyumba, mi nitafika Chienge siku mbili mbele, na ni mimi nitauliza kila mama anayeshuka mu bato.