Pikapu Iliyopinda Pua

Juzi nilisimama Mikumi kunywa chai, nikakuta watu wamelizunguka gari dogo lililobondeka mbele, limeshushwa kando ya barabara. Mwenyewe, dada mmoja aliyening'iniza mkono wake kwenye kanga, alimuuliza kila aliyepita, "Jamani, hivi hili linatengenezeka kweli?" Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mimi nilimpa pole tu nikarudi kukaa, lakini chai ikapoa mbele yangu. Swali hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, nyumbani kwetu Magomeni, pale Kilosa mjini. Aliyeuliza alikuwa mama yangu.

Tulikuwa na pikapu, rafiki yangu. Baba alipofariki alituachia hiyo, nyumba, na mama yake mzazi, bibi yetu, ambaye neno lake uani halikupingwa. Dereva alikuwa baba mdogo. Alfajiri waliondoka yeye na mama kwenda Mikumi kupokea vitunguu vilivyotoka Ruaha, na jioni viko soko la Kilosa. Wakirudi, mimi nilipanda nyuma kufagia maganda. Yalikuwa mekundu, mepesi, yakipeperuka hadi kwenye sufuria za bibi, naye akifoka kwamba siku moja tutakula wali wa maganda. Nguo zetu za shule zilinuka vitunguu, na hatukuona aibu. Harufu ile ndiyo iliyotuvisha.

Masika moja mama alibaki sokoni, baba mdogo akaenda peke yake. Njiani lori lilikata kona likiwa upande wake. Akalikwepa, akaparamia ukuta wa kalavati. Mguu ukavunjika. Yeye alipelekwa hospitali, na pikapu ikaletwa nyumbani ikivutwa na trekta, boneti imekunjana, pua imegeukia kushoto kama mtu aliyepigwa kofi.

Bibi aliitazama mara moja tu. "Chuma kilichoonja damu ya mwanangu hakilali uani kwangu," alisema. "Liuzwe." Mnunuzi wa vyuma chakavu hakuchelewa kubisha hodi. Mama alimkaribisha maji, akamwambia asubiri kidogo. Siku hizo mama aliunguza maharage, yeye ambaye hakuwahi kuunguza chakula, na alikuwa akitoka jikoni kila mara kwenda kulizunguka lile gari, anaweka mkono hapa, anaondoa, anaweka pale.

Baba mdogo alipotoka hospitali na mguu wake wenye plasta, mama akamwita fundi kutoka Kimamba. Alikuja na baiskeli. Tukamwamkia, akaitikia marahaba huku keshaingia uvunguni. Alifunga kamba pembe hadi pembe ya chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, akafunga nyingine kuikata ile ya kwanza, akazilinganisha urefu. Sote tulikuwa tumekaa uani tukimtazama, bibi akijifanya anachambua mchele.

"Hili linatengenezeka kweli?" mama akauliza.

"Bodi ni kama nguo, mama. Ikichanika inashonwa," fundi alisema. "Chesisi ndiyo uti wa mgongo. Ingevunjika ningekwambia uza leo hii. Imepinda huku mbele, haijavunjika. Nitainyoosha. Lakini dereva nani?"

Macho yote yakamwendea baba mdogo pale mkekani. Alikuwa mtu wa mizaha, anayepiga miluzi hata akila. Siku ile aliinamisha kichwa. "Shemeji, nisamehe. Mimi usukani sishiki tena."

"Umesikia?" bibi akasema. "Liuze, mwanangu, tupumzike."

Mama alisimama, akakaza kanga yake kiunoni. "Mama, wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukubishia. Lakini nikiliuza, watoto hawa watakula mwezi huu na mwezi ujao tutaangaliana. Fundi, linyooshe. Nitaliendesha mimi."

Bibi alicheka mpaka ungo ukamwagika.

Mama aliuza cherehani aliyopewa na mama yake siku ya harusi. Sikumwona akilia, ila kitambaa kilichokuwa kikiifunika alikikunja akakiweka chini ya mto wake. Kisha uani kwetu kukawa gereji. Ukitoka shule, nyundo uliisikia tangu mtaa wa pili. Pikapu ilikuwa ya bluu. Ikapata boneti nyeupe iliyotoka kwenye gari jingine, na bonde moja mlangoni halikunyooka kamwe.

Udereva mama alijifunzia Kimamba, fundi akitufikishia gari huko, kwenye njia za mashamba ya zamani ya mkonge, zilizonyooka na zisizo na magari. Mwalimu alikuwa baba mdogo huyohuyo, amekaa kando, plasta ameinyoosha, gongo lake la kutembelea mkononi. Mama akikosea, anagonga dashibodi. "Achia klachi taratibu, shemeji! Unaendesha gari au unaua nyoka?" Sisi watoto nyuma tulirushwa kama mahindi kwenye kikaango. Vijana wa bodaboda walisimama kushangilia kila gari lilipozima. Mama hakuwatazama. Aliwasha tena. Likizima, anawasha tena. Nilimwona siku moja ameshika usukani hadi vidole vimekuwa vyeupe, midomo inasoma dua, na gari likaondoka bila kuruka. Baba mdogo akapiga mluzi. Tangu ajali, huo ulikuwa wa kwanza.

Alipata leseni. Safari ya kwanza ya Mikumi ilikuwa wakati wa likizo, nami nikabanwa katikati ya mama na baba mdogo. Tulipofika kwenye kalavati, baba mdogo akaomba kushuka. Alichechemea hadi ukutani, akapapasa pale saruji ilipobomoka. Mama hakumharakisha. Aliporudi alifunga mlango kwa nguvu. "Twende, shemeji. Vitunguu vitaoza."

Tuliporudi bibi alikuwa mlangoni. Alisema tu, "Mmechelewa," akatuandalia chai ya mchaichai na mihogo. Haikupita muda mrefu, akavaa baibui lake jipya, akakaa kiti cha mbele, akaamuru apelekwe Rudewa kusalimia ndugu. Alipungia mkono kila nyumba.

Pikapu ilitubeba mpaka nikamaliza sekondari. Injini ilipokufa, fundi alikuja akasema akipewa nafasi atajaribu tena. Mama aliweka kiganja juu ya boneti, akatikisa kichwa. "Hapana, fundi. Safari hii limechoka kweli." Na mama, aliyekuwa mkaidi kuliko sote, ndiye aliyewaita watu wa vyuma chakavu, akasimama palepale mpaka walipomaliza kulikata.

Bibi hayupo tena, wala baba mdogo. Zile njia za mkonge zimegeuka mashamba ya mahindi. Pale uani, oili ilikuwa imezama ardhini, nyasi zikakataa kuota kwa muda mrefu, nasi tukapazoea pakiwa peusi. Kisha masika moja zikaota. Leo ukitutembelea, mama atakukaribisha ukae hapohapo, na hutajua kama paliwahi kuwa na gari.