Video Niliyompigia Koko Masika

Sipendi kulisimulia hili, lakini kwa kuwa Beni nzima (sawa, mtaa mmoja tu) imeshalisimulia, afadhali mlisikie kwangu. Asubuhi ile nilitoka Butembo bila mpango, nikapanda pikipiki kwa sababu tu dereva alikuwa anaelekea Beni, na kufikia saa nane nilikuwa nimepata chumba kwa Koko Masika, yaani Bibi Masika, mjane mzee aliyekuwa peke yake uani akitazama barabara. Akaniambia mdogo wake, Paluku wa kule Mususa, Butembo, humpigia kila siku kwa simu za majirani, ila sasa ni siku mbili kimya, na kila jirani anayeombwa simu anasema chaji imekwisha. Nikawaona watu wa roho mbaya (mimi, mgeni wa saa moja!), nikatoa simu yangu, na badala ya kupiga kawaida nikabonyeza video, ili amwone kabisa.

Jirani, Mama Kavira, akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akinikonyeza nikate. Nikamwambia asiogope, megabaiti ni zangu.

Simu ikapokelewa na mwanamke nisiyemjua. Nyuma yake niliona turubai, wanaume kwenye viti vya kukodi, wanawake chini kwenye mikeka. Alipomwona Koko akaigeuza simu kwa hofu, na matanga yote yakaniona mimi pembeni, nacheka na kupunga mkono. Nikasema réseau, yaani mtandao, ni mbaya, nikataka kukata. Koko akanishika mkono.

"Hapana kata. Bale bamama banaikala chini juu ya nani?"

Alikuwa anauliza wanamlilia nani, maana kwetu wanawake hukaa chini hivyo msibani. Mama Kavira akaja kuketi chini kando yake, na Koko akaelewa.

Kwetu mzee haambiwi kifo kwa simu. Watu wa ukoo huja, humzunguka, ndipo husema. Mwana mkubwa wa Koko alikuwa njiani kwa kazi hiyo. Mtaa mzima ulikuwa umeficha siku mbili, mimi nikafichua kwa dakika moja.

Mwana alipofika jioni aliniuliza neno moja tu: "Ni weye wa video?" Nikaenda kufunga begi langu. Koko akaniita.

"Unaenda wapi na ile simu? Miguu yangu haiwezi fika Butembo. Kesho utanionesha vile banazika ndugu yangu."

Kesho yake nikasimama mbele yake saa mbili nzima nimeinua simu, mtaa wote nyuma yangu, mkono unawaka moto, na sikuthubutu kuubadilisha. Leo mzee akiniomba nimpigie ndugu yake, kwanza nazunguka kwa majirani kuuliza, kwa sauti ya chini, kofia mkononi.