Hatua za Ebenezer Ambazo Mama Yake Hakuambiwa

Viatu vya watoto sita vimepangwa mlangoni. Ndani, Anande Kaaya, 51, amepiga magoti kwenye mkeka, anafuta uji uliomwagika. Akimaliza upande huu, kikombe kingine kinapinduliwa upande ule.

"Huyu ananifanyia makusudi," anasema, akimnyooshea kidole binti wa mwaka na nusu. "Ananiangalia kwanza, ndipo anamwaga."

Hii ni sebule yake, Kwa Mrombo, jijini Arusha. Kwa miaka tisa wanawake wanaouza sokoni wamekuwa wakimwachia watoto asubuhi na kuwachukua jioni, shilingi elfu mbili kwa siku. Wanamwita Mama Hans, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Watoto wengi wamepiga hatua ya kwanza kwenye mkeka huo. Mama zao hawajui. Anande hakuwaambia.

Ujanani alifanya kazi za ndani. Siku moja alimpokea bosi wake kwa furaha, akamwambia mtoto ametembea. Yule mama aliingia jikoni, akafungulia bomba la maji, akalia.

"Nilijiona nimemwibia," anasema Anande. Tangu hapo, akiona hatua ya kwanza, alinyamaza, ili mama aione nyumbani na aamini kwamba ndiyo ya kwanza.

Mwaka jana ukimya huo ulimgeukia.

Ebenezer, mtoto wa Vaileth Nnko anayeuza ndizi sokoni, alitembea hapo mkekani akiwa na miezi kumi na mitano. Lakini kila jioni alifika kwao amelala mgongoni mwa mama yake. Chumba ni kimoja, jiko la mkaa liko chini, hivyo aliwekwa kitandani. Jumapili alibebwa kanisani. Miezi mitatu ikapita, Vaileth hajamwona akipiga hatua.

"Mama Hans, huyu mtoto kwako anasimama kweli?" Vaileth aliuliza.

"Subiri, atakushangaza tu."

Vaileth hakuweza kusubiri. Mama mkwe wake alishaanza kusema kwamba kwao hakuna watoto wa namna hiyo. Siku moja akafunga biashara, akampeleka mtoto hospitali. Mbele ya daktari Ebenezer alimng'ang'ania mama yake, akakunja miguu kila aliposhushwa. Wakapangiwa kurudi kwa vipimo.

Siku mbili baadaye Vaileth alikuja mapema kumchukua mtoto, akamkuta anatembea mkekani, akifukuza mpira.

"Alipiga magoti pale mlangoni, akamshukuru Mungu," anasimulia Anande, sauti ikishuka. "Na mimi nikapiga magoti. Nikasema amina."

Vaileth akaenda kuomba nafasi ya kutoa ushuhuda kanisani Jumapili. Anande alikaa na siri yake hadi Jumamosi. Mchana huo alimfuata nyumbani, akamwambia kwamba hakukuwa na muujiza.

"Aliniuliza, 'Tangu lini?' Nikamwambia, miezi mitatu. Akasema, 'Mama Hans, mimi nalia usiku na wewe unajua?' Ningemwambia nini, kwamba nilitaka afurahi?"

Jumatatu Ebenezer hakuletwa. Hajaletwa tena hadi leo.

Sasa mtoto akitembea, Anande humwambia mama siku hiyo hiyo. Mmoja alilia. "Nilikaa naye mpaka akanyamaza," anasema. "Kumbe inawezekana."

Amewaomba wanawake wa sokoni waachiane meza kwa zamu, ili kila mmoja apate nusu saa mchana ya kuja kumwona mwanawe. Wawili wamekubali.

Kila Jumamosi hununua ndizi kwenye meza ya Vaileth. Vaileth humpa shikamoo, humchagulia zilizo nzuri, humfungia. Hawaongei zaidi. Ebenezer sasa ana miaka miwili na zaidi, na Anande hajui kama ameanza kuongea.

"Siulizi," anasema. "Nimejiondolea mwenyewe haki ya kuuliza. Lakini natamani siku moja, wakati ananirudishia chenji, aniambie mtoto amesema nini."