Mama Aliyechoka Njiani

Juzi nilikuwa natembea Kariakoo taratibu, maana homa ya virusi ilikuwa imenilaza kitandani, na daktari kaniambia mazoezi niyaanze kwa kutembea. Nikapita mbele ya duka lenye gunia la mwani mkavu mlangoni. Ile harufu ya chumvi na shombo ikanisimamisha. Muuza duka akadhani nataka kununua. Mie nilikuwa namtaka mama yangu.

Kwetu ni Utende, kisiwani Mafia. Mama alilima mwani, na kwa mwendo wake wenzake walimwita Upepo. Bamvua likifika, bahari ikapwa mpaka mchanga wa mbali ukaonekana, wanawake huwa na saa chache tu za kufunga mbegu za mwani kwenye kamba kabla maji hayajarudi. Basi mama alitoka na gunia kichwani, salamu akizijibu bila kugeuza shingo. Ukimwambia shikamoo, atakujibu, "Marahaba, maji hayaningoji." Ukitaka kuzungumza naye, mfuate.

Miguu yake niliirithi mie. Nilipokuwa darasa la sita, shule ilikuwa inachagua wakimbiaji wa kwenda kushindana Kilindoni. Wallahi sijapata kutaka kitu kama nilivyotaka jina langu liitwe. Kisha nikaugua kidingapopo. Viungo viliuma kama vimetwangwa kinuni, hata kugeuza macho ilikuwa kazi. Homa ilipokatika nikajiona nimepona. Asubuhi yake nikavaa raba, nikatoka mbio. Sikufika hata msikitini; nilikaa chini katikati ya njia, kijasho chembamba kinanitoka, mbuzi wa jirani wananitazama.

Daktari, mwanamke wa bara mwenye sauti ya upole, alimwambia mama, "Homa imetoka, nguvu bado. Atembee kwanza, tena apumzike kabla hajachoka. Mbio zitakuja baadaye." Nikanuna. Kwangu mie, kupumzika ilikuwa kazi ya wazee.

Mama hakubishana nami. Bamvua lilipofika alisema tu, "Hebu nisindikize pwani."

Hapo ndipo mama yangu alipoanza kuchoka. Tulipofika kwa fundi baiskeli akasema, "Ngoja kwanza Rukia, mgongo huu." Akaketi, nami nikaketi. Mbele kidogo, kandambili imechomoka. Mbele tena, kachomwa na mwiba, mwiba wenyewe sikuuona. "Nimechoka mie, mwanangu. Uzee huu." Uzee gani, naye nywele zake zote nyeusi? Wenzake walitupita na magunia yao wakimcheka, "Leo Upepo umekuwaje?" Akawajibu, "Mwenda pole hajikwai." Mama, ambaye siku zote aliwadhihaki wanaoisema methali hiyo.

Tulipofika pwani maji yalikuwa yanarudi. Alifunga kamba chache, yakamfika kiunoni, tukageuka. Ikawa hivyo bamvua lile na lililofuata. Nilimkasirikia, kwa sababu niliona atanichelewesha mpaka niikose timu. Wakati mwingine niliogopa kwamba ugonjwa wangu umemwingia yeye. Lakini kila siku alikuwa akichokea mbali kidogo kuliko jana, mpaka asubuhi moja tukafika pwani bila kuketi popote. Akautua mzigo, akanionyesha mti wa mkungu uliokuwa mbele yetu. "Haya, kimbia mpaka pale, unisubiri."

Siku ya mchujo nilikimbia. Nilikuwa wa tatu, na waliochukuliwa walikuwa watatu. Ila ninachokikumbuka zaidi ni mzunguko wa mwisho. Nilikuwa nimeanza kulegea, nikamwona mama pembeni mwa uwanja, buibui kalikusanya mkono mmoja, kandambili kazishika mkono wa pili, anakimbia sambamba nami na kuniita, "Pumua, Rukia! Pumua!" Alifika mwisho kabla yangu. Akanipokea, akanifuta uso kwa ncha ya mtandio, wala hakuwa anahema.

Nilikuwa mtoto. Nilichoona ni kwamba mama naye kapona, nikafurahi.

Mwaka jana, siku ya arobaini yake, mwenzake mmoja wa kulima mwani alikuwa akinisaidia kuosha masufuria. Akacheka peke yake, kisha akaniambia, "Msimu ule ulioumwa, mama yako hakuvuna kitu. Tulimwambia mwache mtoto nyumbani, uwahi maji. Akasema, huyu haketi mpaka aone nimeketi mie." Niliendelea kusugua sufuria lililokwisha takata.

Pale Kariakoo nilikuwa nimetembea kupita kiasi, na pumzi ilikuwa inanikatika. Mbele ya duka palikuwa na benchi. Nilisita kukaa, nikijiona bado kijana, watu watasemaje. Hapo nikamkumbuka mama akiketi kwa fundi baiskeli. Nikasema kwa sauti, "Nimechoka mie, mwanangu."

Muuza duka akauliza kama nasema naye. Nikamwambia hapana. Kisha nikaketi mwisho wa benchi, nikaacha nafasi kando yangu.