Sauti Juu ya Kiwanja cha Ng'ombe

Mume wangu alikuwa na duka la mabati na misumari pale Homa Bay, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona kitu chenye antena akakipita. Ndivyo skana ilivyoingia nyumbani kwangu. Aliinunua kwa Mzungu wa mradi wa maji aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Kidude cheusi cha kutosha kiganjani, kina kioo cha tarakimu na vitufe vingi, na juu kuna kifundo cha kuzungusha. Redio ya kawaida hukungoja uitafutie stesheni. Hii ilikuwa ikikimbia yenyewe kwenye masafa, tarakimu zinapanda, zinapanda, na ikikuta mtu anazungumza, inasimama.

Mimi mtoto wa Mombasa, niliyeletwa ziwani na ndoa, nilimtazama tu. "Wenzio wanaleta sangara nyumbani," nikamwambia, "wewe waniletea mdudu wa kulia sss."

Maana ililia kweli. Ule mvumo, ukikilegeza kile kifundo, ulikuwa wa kukutia wazimu. Nilikuwa nikipita nakikaza mpaka mwisho, kukawa kimya, naye akija anakilegeza. "Ukikikaza hivyo," alisema, "unawafungia mlango walio mbali." Nikamjibu kwamba walio mbali wabaki huko huko mbali.

Lakini nisiseme uongo, kuna siku kidude kile kilinishika. Nilikuwa nachagua mchele, yeye kakiweka dirishani, mara kikasimama na sauti ya mwanamume ikauliza trekta la miwa limekwama wapi. Mwingine akamjibu kwamba limezama hadi ekseli na dereva kaenda kula. Walikuwa watu wa kiwanda cha sukari, huko upande wa Migori! Niliacha mchele. Subhanallah, maneno yale yamepita juu ya vilima, juu ya mashamba na juu ya paa langu, na kumbe yamekuwa yakipita siku zote, nami napika. Nilitazama hewa ya jikoni kwangu kama mtu aliyeambiwa kuna wageni sebuleni.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wake, ingawa sikukubali kwa mdomo. Akanionyesha bendi zake. Chini kidogo, kwenye mia na ishirini hivi, ndege. Juu yake watu wa magari na viwanda. Polisi wakitokea alikuwa akiwaruka haraka. "Hawa tuwaache, tusije tukawa mashahidi." Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya robo siku.

Ndege tu ndizo zilizotushinda. Skana ilikuwa ikisimama pale, lakini sauti inatoka kama ya mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Alibadilisha antena, akafunga waya hadi kwenye mti, akasugua vyuma vya betri. Wapi! Akasema Mzungu amemuuzia kitu kibovu.

Basi ukaja mwezi wa mvua, akaenda Sori kuezeka banda la samaki la mteja wake. Nilimwambia asipande mwenyewe juu ya bati lililolowa, ana mafundi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu ni mimi, ila yeye aliteleza akavunjika mgongo. Walimpeleka hospitali ya misheni karibu na Migori. Nilipofika nilimkuta amefungwa kwenye ubao, uso umekuwa rangi ya jivu, hasikii miguu.

Nesi mkuu hakunificha. "Mama, barabara ya kwenda Nairobi itammaliza. Tumeita ndege." Ndege ingekuja kesho yake mchana, na haikuwa na nafasi yangu. Usiku ule radi ikapiga redio ya hospitali, hospitali ikawa bubu.

Asubuhi tulimpeleka kwenye kiwanja cha ndege, nyuma ya pikapu, chini ya turubai. Kiwanja nakiita hivyo kwa heshima tu. Yalikuwa malisho, na ng'ombe wametapakaa humo. Mwenye ng'ombe alikuwa bibi mmoja mwenye sandali za plastiki na fimbo. Nilimwamkia, kisha nikamwomba awatoe.

"Mama, pole sana na mgonjwa," akasema. "Lakini ndege ikikuja tutasikia. Inapita juu mara moja, sisi tunafukuza, inazunguka, inashuka. Kila siku ni hivyo. Sasa wakae njaa tangu asubuhi?"

Ndiyo ilikuwa desturi, na haikuwa mbaya. Nilikaa karibu na pikapu. Mfukoni nilikuwa na skana. Mume wangu alikuwa nayo Sori, nami niliichukua kwa sababu ilikuwa na alama za vidole vyake. Nikaiwasha ili mikono ipate kazi.

Juu kabisa, kwenye anga iliyobaki wazi, ndege kubwa ilikuwa ikipita imechora mstari mweupe. Skana ikasimama. Ugali mdomoni, kama kawaida. Lakini safari hii nilikuwa naiona ndege kwa macho yangu, na kwenye kioo vile vijistari vya nguvu vilikuwa vimejaa hadi mwisho. Nikajiuliza: ikiwa vimejaa, basi antena inashika. Betri ni nzima. Sauti inafika, ila sisi tunaipokea vibaya. Nikatazama pembeni ya kioo. Herufi mbili: FM.

Alaa kumbe! Miaka ile kila aliyetoka Nairobi alisifu FM, safi kama maji ya mtungi. AM ilikuwa ya redio za mabibi. Mume wangu, mpenda mambo mapya, aliweka kila kitu FM. Nani aliyewahi kuwauliza marubani wanatumia nini? Nikabonyeza hadi ikasoma AM.

Mtu akazungumza. Wazi! Kana kwamba kasimama ndani ya pikapu. Nilipiga ukelele nesi akashtuka. Nikakilegeza kifundo, mvumo ukajaa, na ndani ya mvumo, mbali, ikaja sauti nyingine. Ya mwanamke! Sikujua kuna mwanamke arushaye ndege. Aliyekuwa akimjibu sikumsikia, nilisikia nusu tu ya mazungumzo, na Kiingereza changu ni cha shule, lakini jina la Migori nililisikia. Alikuwa akisema mawingu ya ziwani yanamfuata. Hatazunguka. Atakuja moja kwa moja, na akiona wanyama kiwanjani ataendelea hadi Kisumu.

Nilikielekezea kile kidude mdomo. "Ngoja!" nikasema. "Ngoja, dada, tafadhali!" Nesi akanitazama kwa huruma. Skana ina masikio, haina ulimi. Sijawahi kuogopa kama siku ile, kumsikia mtu aliyeshika uhai wa mume wangu, naye hajui kama nipo.

Nikakimbia na buibui langu hadi kwa yule bibi. "Haitazunguka leo! Ameyasema mwenyewe, sikiliza!" Nikamwekea skana sikioni. Akasikiliza, macho yakamtoka.

"Yawa! Ni msichana?"

"Msichana, na anakuja!"

Hakuuliza tena. Alipiga yowe, ng'ombe wakainua vichwa, fimbo ikaanza kazi. Nesi alikuja, dereva akaja, mimi nikivua leso na kuipunga, nikimtukana fahali mmoja mwekundu kwa Kiswahili safi cha Mombasa. Mkia wa mwisho ulikuwa bado unatoka ukingoni ndege ilipotokea chini ya mawingu, ndogo, nyeupe, imenyooka. Ikagusa nyasi.

Rubani na mhudumu wake walimpakia upesi. Nilimgusa mkono, ulikuwa baridi, hakufumbua macho. Ndege ikapaa, mawingu yakaimeza, na nikabaki na bibi yule, hakuna cha kutazama.

Ila nilikuwa na skana. Nikaiinua juu ya kichwa, nikakilegeza kifundo mpaka mwisho. Sauti ikaja tena kati ya mvumo, akieleza alipo na aendako. Kisha, kwa taratibu zao, akataja alichobeba. Roho tatu, alisema.

Rubani mmoja, mhudumu mmoja. Moyoni nilikuwa nimeshamwosha mume wangu na kumvisha sanda, na mwanamke yule huko mawinguni amemhesabu na walio hai. Niliketi chini kwenye mavi ya ng'ombe nikasema alhamdulillahi, nikaendelea kuusikiliza ule mvumo niliokuwa nikiuchukia, mpaka betri zikafa.

Alirudi baada ya miezi, kwa basi, na fimbo mbili. Aliingia dukani, hata maji hajanywa, akaiona skana kwenye rafu. Akaiwasha, akakunja uso.

"Nani amegusa hii? Mbona imewekwa AM?"

Nililia pale pale, mbele ya wateja.