Kufuli Lisilo na Mwenyewe

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, kazi yake ni kunyonyoa kuku. Mwaka wa kumi na nne huu, kibanda kilekile nyuma ya soko, na mimi nauza mayai mlango wa pili. Ukimpa kuku aliyetoka kuchinjwa, anamzamisha kwenye pipa la maji ya moto, anamgeuza mara mbili, anamtoa, na kabla hujamaliza kumuuliza watoto hawajambo, kuku keshakuwa uchi mezani. Watu wa soko wanamwita Bi Manyoya. Hata akienda harusini amependeza, usoni poda, kisogoni lazima kuna unyoya mmoja umeganda. Nautoa mimi. Hasemi asante. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache anaongea na kuku.

Mbunge wetu ni mwanamke aliyekuwa mkunga kabla ya siasa. Siku moja alipita sokoni, si wakati wa kura, jambo lililotushtua wote. Akaingia mpaka ndani ya kibanda. Wengine huwa wanasimama mlangoni wakishika pua. Yeye aliingia, na maji yenye damu na manyoya yakaingia viatuni mwake, kwa sababu mfereji wa pale umeziba tangu mwanangu wa mwisho anatambaa, na sasa huyo mwanangu ananyoa ndevu.

"Dada," akamwambia wifi, "ungepewa nafasi uombe serikali, ungeomba nini?"

Wifi hakuacha kunyonyoa. "Mfereji. Glavu. Na karatasi ya kuniruhusu kukaa hapa, nisifukuzwe kila akija meneja mpya wa soko."

Mbunge akaandika kwenye daftari dogo, akamshika mkono. Akauangalia ule mkono kwa muda. Ulikuwa umebabuka kwa maji ya moto mpaka kwenye kiwiko. Akaondoka hajaahidi chochote, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Baada ya wiki tatu likasomwa swali bungeni. Tulizima redio zote za soko tukaacha moja, ya mchinjaji, kwa sababu ndiyo yenye sauti. Mbunge wetu aliuliza swali moja lenye vipande vitatu: serikali ina mpango gani wa kuwalinda wanawake wanaonyonyoa kuku masokoni, wa kuwapa vibali vya kazi yao, na wa kusafisha mahali wanapofanyia? Akataja soko letu. Mchinjaji akapiga mluzi. Wifi akaendelea na kuku wake kama aliyetajwa ni jirani.

Akasimama naibu waziri wa kazi. Akasema, kwa sauti tamu kweli, kwamba akina mama hao hawana mwajiri, hivyo si wafanyakazi, ni wajasiriamali, na wajasiriamali wana wizara yao. Akasimama wa biashara. Akasema mjasiriamali ni mtu anayeuza kitu, na akina mama hao hawauzi kitu, wanasafisha chakula, na usafi wa chakula ni wa afya. Akasimama wa afya. Akasema wizara yake inamlinda mlaji, na mlaji hajalalamika. Kuhusu mikono ya mnyonyoaji, hilo ni suala la usalama kazini, aulizwe wa kazi.

Bunge zima likacheka. Na sisi tukacheka, nisiwe mwongo. Mchinjaji akasema, "Bi Manyoya, umekuwa mpira wa kona! Wanakupiga tu kichwa!"

Kicheko kiliisha Jumatatu asubuhi. Tulikuta mlango wa kibanda umefungwa kwa kufuli jipya, kubwa kama ngumi, na karatasi imebandikwa juu yake: PAMEFUNGWA HADI ITAKAPOAMULIWA. Basi. Hakuna muhuri, hakuna sahihi, hakuna jina la ofisi. Kuna mtu alikuwa ameona aibu kusikia soko lake redioni, akaificha aibu kwa kufuli.

Wifi alisimama pale na ndoo yake mkononi. Mwenye mkahawa wa stendi, anayeleta kuku arobaini kila siku, na ndiye anayemweka mjini tukisema ukweli, alikuja akaona, akakuna kichwa.

"Mama, mimi wateja wangu hawali karatasi," akasema. "Nakusubiri mpaka Ijumaa. Ijumaa pakiwa pamefungwa, naenda kwa yule mwenye mashine."

Mwenye mashine yuko upande wa pili wa soko. Ana pipa la chuma linalozunguka, ndani lina vidole vya mpira. Linanyonyoa haraka, lakini linamvunja kuku mabawa kama aliyepigana baa. Siku hiyo alitupita mara nne, kila mara akitusalimia kwa furaha isiyo na sababu.

Nikafunga mayai yangu, nikamwambia wifi twende maofisini. Akasema, "Utaongea wewe." Nikamwambia, "Kwani lini uliongea wewe?"

Ofisi ya kazi ilikuwa na feni na kijana mwenye viatu vya kung'aa.

"Mwajiri wako nani, mama?" akauliza.

"Wenye kuku," nikajibu kwa niaba yake.

"Wangapi?"

"Leo ishirini, kesho thelathini."

"Basi hana mwajiri."

"Baba, mtu mwenye waajiri thelathini hana mwajiri?"

Akatuelekeza ofisi ya biashara. Huko tukakuta dada mpole, mwenye fomu. Fomu ilikuwa na mstari: BIDHAA. Akasema bila bidhaa haiwezi kuingia kwenye kompyuta.

"Siuzi. Navua manyoya," wifi akasema.

"Sasa niandike nini hapa?"

"Andika kuku uchi," nikamwambia. Yule dada alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akatuelekeza ofisi ya afya. Wapole ndio wabaya, unaondoka huku umewashukuru.

Ofisi ya afya ilikuwa na bwana mmoja mnene, mwenye kalamu nne mfukoni. Alipoona mikono ya wifi alisikitika kweli, akavua miwani. "Hii umeumia kazini," akasema. "Hii ni ya ofisi ya kazi."

"Tumetoka huko," nikasema.

"Basi mnaijua njia."

Kufuli je? Kila ofisi tuliuliza, hata ya meneja wa soko. Kila ofisi ilisema kufuli si lake. Tulirudi Jumanne jioni, wifi akafua aproni yake isiyo na uchafu, akaianika, akaifua tena. Kaka yangu alinipigia simu kwa siri. "Dada, mkeo huyu ameanza kuongea peke yake." Anamwita mke wangu anapotaka nimsaidie. Nikamuuliza anaongea nini. Akasema, "Sijui, nikikaribia ananyamaza."

Jumatano nikampigia mbunge. Sikuomba kufunguliwa, nilimwambia tu kilichotokea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama mkunga anayesikiliza tumbo. "Alhamisi nina swali la nyongeza," akasema. "Leo nitawaarifu mawaziri kwamba nitauliza hali ya kibanda ikoje. Hawatapenda kujibu bila kujua. Watatuma watu. Msiondoke pale."

Na kweli, Alhamisi saa mbili asubuhi, walikuja wote watatu. Viatu vinavyong'aa wa kazi, dada mpole wa biashara, kalamu nne wa afya. Kila mmoja alishtuka kuwakuta wenzake. Soko lote likasogea, wa nyanya, wa mitumba, hata mwenye mashine akaja kusimama na mikono nyuma kama mgeni wa heshima.

"Fungueni tuone ndani," akasema wa kazi.

"Sina ufunguo," akasema wifi.

"Ufunguo anao nani?"

Hapo wale watatu wakaangaliana. Wa kazi akamwangalia wa afya, wa afya akamwangalia wa biashara, dada mpole akaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo kuongea. Wifi akaniwekea mkono begani, nikaufunga.

"Aliyefunga," akasema, "ndiye mwenye kibanda. Mwenye kibanda ndiye mwenye mfereji. Mwenye mfereji ndiye mwenye mimi. Nimemtafuta wiki nzima. Ajitokeze tu, simgombezi, nimpe orodha ya vitu ninavyomdai."

Nilijua sasa alichokuwa anakiongea peke yake nyumbani. Hakuna aliyejitokeza. Nani ajitokeze? Ukishika ufunguo umeshika na uchafu wote uliopo ndani.

"Si letu," akasema wa kazi.

"Wala letu," akasema wa biashara.

Wa afya alichelewa kidogo, jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Sisi... hapana. Si letu."

"Basi andikeni," nikasema mimi. Nikabandua ile karatasi mlangoni, nikaigeuza upande mweupe. "Kufuli hili si letu. Mwandike, mtie sahihi, kila mtu na ofisi yake. Kalamu zipo, baba hapa anazo nne."

Walitaka kukataa. Lakini mtu anayekataa kuandika kwamba kufuli si lake, kila mtu anajua ni la nani. Wakatia sahihi, mmoja baada ya mwingine, wakitumia mgongo wa mchinjaji kama meza.

Wifi akaisoma karatasi yote, polepole. Kisha akamwambia mchinjaji, "Kitu kisicho na mwenyewe sokoni ni takataka. Niondolee." Mchinjaji alikuwa na nondo tayari. Sijui aliitoa wapi, wala sikuuliza. Akapiga mara tatu. Kufuli likaanguka kwenye tope, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Wakaingia kuandika ripoti. Maji ya siku nne yaliyolala yakawapokea. Vile viatu vya kung'aa viliingia vyeusi vikatoka vya rangi ambayo sijui inaitwaje. Dada mpole alitapika nje, kwa adabu, pembeni. Wifi aliwasha moto chini ya pipa, akafunga aproni, na saa tano mkahawa wa stendi ukaleta arobaini yao. Mwenye mashine alikuwa ameshaondoka, safari hii bila kuaga.

Ile karatasi niliipiga picha nikamtumia mbunge. Alasiri hiyo tukamsikia kwenye redio ya mchinjaji akisimama. Akasema, "Mheshimiwa Spika, ninayo karatasi ambamo wizara tatu zimekubaliana jambo moja kwa maandishi, na hilo peke yake ni la kihistoria. Zimekubaliana kwamba kufuli si lao. Swali langu la nyongeza ni dogo: kuna yeyote kati yao atakayetia sahihi kwamba mfereji ni wake?"

Bunge likacheka tena. Safari hii wale manaibu hawakucheka. Jibu lilikuwa kwamba serikali inalifanyia kazi, na mchinjaji akasema hilo jibu analijua, huwapa wateja wanaokuja kudai utumbo.

Glavu hazijaja mpaka leo ninapoandika. Karatasi ya kukaa pale haijaja. Lakini Jumatatu iliyofuata, mapema, lilikuja gari jeupe lisilo na maandishi yoyote ubavuni, likashusha wanaume sita, makoleo, na mabomba mapya. Wakaanza kuchimba. Nikamwendea msimamizi wao na trei ya mayai mkononi, nikamuuliza wametumwa na nani.

"Mama, tumekatazwa kusema," akanijibu, na masikini alionekana ana aibu.

Nikamgeukia wifi nimwambie. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, unyoya umemganda sikioni, anawaangalia. Akachukua kikombe, akachota maji, akayamwaga kwenye mtaro waliokwisha kuuchimba. Maji yakarudi taratibu kuelekea mlangoni kwake.

"Nyie," akawaambia. "Tokeni humo. Anzeni upya. Mteremko uende barabarani."

Wakatoka. Wakaanza upya.